Cheche Mia kwa Sekunde

Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 ilitugomea karibu na Chalinze, saa nane mchana. Ilikuwa imeshatuonya. Kwa mwendo wa kilomita kama ishirini ilikohoa kila tukipanda kilima, ikapata nafuu tukiteremka, mwisho ikanyamaza. Fundi tuliyempata kando ya barabara alifyatua klipu mbili za kifuniko cha distribyuta, akang'oa rota, akachungulia, akaniita. "Njoo uone mwenyewe, kaka." Zile ncha mbili za chuma, yaani pointi, kila moja kubwa kidogo tu kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, zilikuwa zimeungua. Moja imechimbika, nyingine imeota kichuguu. Akazisugua kwa msasa laini, akachana ukingo wa boksi la kiberiti, akaupenyeza katikati ya ncha mpaka ukawa unapita kwa kukwaruza kidogo, kisha akakaza skrubu. Karatasi ile ngumu ina unene unaokaribia milimita 0.4, ambao ndio mwanya unaotakiwa kwenye pointi za Beetle. Injini ikawaka.

Tangu siku ile, mwenye gari la zamani akiniuliza kama abaki na pointi au afunge mfumo wa elektroniki, huanza kwa kumweleza kilichokuwa kikitokea mle ndani.

Betri inatoa volti 12. Plagi inahitaji maelfu. Kazi ya kuziba pengo hilo ilipata ufumbuzi wake maarufu kwa Mmarekani Charles Kettering, ambaye mfumo wake ulifungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja: mmoja mnene, wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko takriban mara 100 zaidi. Pointi zikigusana, umeme wa kama ampea 4 hupita kwenye waya mnene na kujenga uga wa sumaku. Nundu ya shafti ikizitenganisha, umeme hukatika, uga huporomoka, na waya mwembamba hutoa volti 20,000 na zaidi. Wengi hudhani cheche huruka pointi zinapogusana. Huruka zinapoachana.

Umeme uliokatwa ghafla hivyo hautulii, hutaka kuruka mwanya wa pointi zenyewe. Anayeudaka ni kondensa, kile kikopo kidogo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa distribyuta. Kikifa, pointi huungua kama zetu. Msasa wa Chalinze ulitufikisha Morogoro, na kesho yake gari likaanza kukohoa tena mpaka tuliponunua kondensa mpya.

Sasa hesabu. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde. Kwenye Beetle, pointi hubaki zimegusana kwa nyuzi kama 50 kati ya kila nyuzi 90 za mzunguko wa distribyuta, na kwa kasi hiyo ni milisekunde 5 na ushei. Koili ya kawaida inahitaji kama milisekunde 3 ili umeme ufike karibu theluthi mbili ya kiwango chake, kwa hiyo muda upo wa kutosha. Ungekuwa na injini ya mashindano inayopanda hadi 6,000, muda ungekatika nusu na cheche ingedhoofu. Beetle haifiki huko. Ndiyo maana simwamini anayeuza kifaa cha elektroniki kwa kuahidi nguvu za ziada huku koili ikibaki ileile. Beetle iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 ilikwenda kwa pointi.

Faida ya kweli iko kwingine. Pointi hufunguliwa na kipande kigumu kinachosuguliwa na nundu mchana kutwa. Kikilika, mwanya hupungua, pointi huchelewa kufunguka, na cheche nayo huchelewa. Gari hupoteza nguvu kidogo kidogo, nawe unazoea bila kujua. Elektroniki haina kinachosuguana. Vifaa vingi huvisha shafti pete ya sumaku na kutumia tabia ya umeme aliyoigundua Edwin Hall kule Baltimore mwaka 1879: sumaku ikipita mbele ya kihisio, volti hubadilika, na transista hukata umeme wa koili. Taimingi ukishaiweka inakaa.

Ila kifaa cha elektroniki kikifa, hakikohoi kwanza. Joto, au ufunguo ulioachwa wazi injini ikiwa imezima, au nyaya za betri zilizogeuzwa kwa sekunde moja tu, vinatosha kukiua. Wenye Land Rover na Morris za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 wawe waangalifu mno: nyingi zilitoka kiwandani na upande chanya wa betri ndio unaogusa bodi, na kifaa kilichotengenezwa kwa mpangilio wa kawaida huungua papo hapo. Na kwa kuwa kimemwagiwa plastiki ngumu, hakuna fundi atakayekifungua barabarani.

Kabla ya kununua chochote, shika shafti ya distribyuta uitikise. Ikicheza, mwanya wa pointi utabadilika kila mzunguko hata uupime vipi. Elektroniki huvumilia ulegevu huo zaidi, lakini haiuponyi. Tengeneza shafti kwanza.

Mimi nimefunga elektroniki, kwa sababu gari langu hushinda kwenye foleni za Dar es Salaam. Pointi zangu za zamani nimezifunga kwenye sahani yake zikiwa na kondensa mpya, mwanya umeshapimwa, nikazizungushia kitambaa pamoja na bisibisi fupi na rota, zikakaa chini ya kiti. Kuzirudisha ni kazi ya nusu saa: waya mmoja tu kwenye upande hasi wa koili, na upande huo nimeupaka rangi nyeupe ili nisiukosee gizani.