Hisa za Siku Moja: Kabla Kijana Hajaingia Sokoni

Kamati za parokia zimekuwa zikituuliza swali moja: vijana wakiomba fedha za kikundi ili wakacheze hisa, tuwajibu nini? Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, na masharti ambayo anayeanza anapaswa kuyafuata.

Biashara ya siku moja ni kununua hisa na kuziuza siku ileile, ukitafuta faida katika kupanda na kushuka kwa bei. Soko la Hisa la Nairobi liliiruhusu rasmi Novemba 2021. Si sawa na kununua hisa za kampuni ukazitunza miaka mingi kwa ajili ya gawio.

Ukweli usemwe mapema: wengi hupoteza. Nchini India, msimamizi wa masoko alitangaza mwaka 2024 kwamba wafanyabiashara 7 kati ya 10 wa aina hii walipata hasara katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Nchini Brazil, watafiti waliwafuatilia watu waliofanya biashara ya mikataba ya soko la hisa kwa zaidi ya siku 300. Asilimia 97 walipoteza.

Mafunzo kwanza

Kwa miezi mitatu au zaidi, mwanafunzi afanye biashara ya daftarini bila fedha. Aandike tarehe, bei ya kununua, sababu, bei ya kuuza na ada. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likionyesha hasara, fedha halisi zisubiri.

Ada zisisahaulike. Tuseme ada ni asilimia 1.5 kila upande. Hisa ya Sh 20 italazimika kupanda zaidi ya senti 60 kabla ya kupata hata shilingi moja ya faida.

Masharti matano

1. Usihatarishe zaidi ya asilimia 1 ya mtaji katika biashara moja. Mwenye Sh 50,000 akubali kupoteza Sh 500 tu. Akinunua kwa Sh 20 na kupanga kuuza ikishuka hadi Sh 19, hasara pamoja na ada ni karibu Sh 1.60 kwa hisa. Basi anunue takriban hisa 300, asizidishe.

2. Panga bei ya kutokea kabla ya kununua, wala usiisogeze chini ukitumaini mambo yatageuka.

3. Nunua hisa zenye wanunuzi wengi kila siku. Hisa isiyo na mnunuzi haiuziki kwa bei uliyoipanga.

4. Usitumie mkopo. Mwaka 2008 Wakenya wengi walikopa kununua hisa za Safaricom kwa Sh 5. Bei ilipanda mwanzoni, kisha ikashuka chini ya bei hiyo, na deni likabaki palepale.

5. Tumia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usimpe fedha mtu anayeahidi faida ya uhakika.

Kwa nini asilimia 1? Mtu akipata hasara mara kumi mfululizo, Sh 50,000 zake zitabaki takriban Sh 45,200. Angehatarisha asilimia 10 kila mara, angebaki na takriban Sh 17,400. Wa kwanza bado anaweza kujifunza. Wa pili anahitaji karibu kuzidisha mara tatu alichobakiza ili arudi alipoanza.

Ushauri kwa kamati

Fedha za kikundi, za ada ya shule, za ujenzi na za wafadhili zisiingie kabisa katika biashara hii. Hizo ni amana. Kijana atumie akiba yake mwenyewe, kiasi ambacho hata kikipotea chote nyumbani hapatakosekana chakula. Akija na daftari lake, mketi naye mlisome pamoja. Mtamsaidia zaidi hivyo kuliko kumkataza tu, au kumkabidhi sanduku la kikundi.