Rovu katika Nyanda za Juu Kusini: Chumvi Hukinga, Vipimo Huamua Tiba

Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, ni nchi ya viazi, mahindi na maharage. Mvua zilezile zinazostawisha mashamba yake zimekuwa, kwa karne nyingi, zikiosha madini joto, yaani iodini, kutoka katika udongo wa milimani. Mazao ya udongo huo hukosa madini hayo, na mlaji huyakosa pia.

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya koo na huhitaji iodini ili kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo. Iodini ikipungua, tezi husukumwa kufanya kazi zaidi, nayo hutanuka. Uvimbe huo ndio rovu. Aghalabu si saratani, na rovu la namna hii haliambukizi wala halitokani na kurogwa.

Katika miaka ya 1980, takriban robo ya watoto wa shule nchini Tanzania walikuwa na rovu, na nyanda za juu ziliathirika zaidi. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoelemewa. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, kanuni zikaagiza chumvi itiwe madini hayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta kiwango kimeshuka hadi karibu asilimia 7.

Hata hivyo, chumvi ni kinga, si tiba ya kila rovu. Rovu laini la mtoto huweza kunywea iodini ikitosha. Rovu la miaka mingi lenye vinundu kwa kawaida halinywei. Tena iodini nyingi ya ghafla huweza kuvichochea vinundu vitoe homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka na mwili ukakonda. Mgonjwa asijinunulie dawa za iodini kabla ya kupimwa.

Mhudumu wa afya apapase shingo, amwombe mgonjwa ameze mate, na atazame kama uvimbe unapanda na kushuka. Kipimo cha homoni katika damu huonyesha kazi ya tezi. Altrasaundi huonyesha vinundu. Kinundu chenye shaka huchukuliwa chembe kwa sindano. Homoni zikiwa sawa na pasipo kero, ufuatiliaji hutosha. Zikipungua, hutolewa thairoksini. Upasuaji hufaa rovu likibana koo au likitiliwa shaka ya saratani. Aliyeondolewa tezi yote hunywa thairoksini kila siku maishani mwake.

Kupumua kwa shida, kushindwa kumeza, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, au uvimbe mgumu unaokua upesi ni dalili za kupewa rufaa bila kukawia. Kuchanja chale shingoni hakuondoi rovu. Huleta damu, usaha na ucheleweshaji.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito, 250. Hitaji hilo halimaanishi kula chumvi nyingi, kwani hupandisha shinikizo la damu, bali kutumia iliyotiwa madini joto. Ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mjamzito asisubiri shingo ivimbe: upungufu wa iodini huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, na madhara hayo hayarekebishiki baadaye.