Sonona ya mtu anayecheka

Niko Al Thumama, Doha, jirani na ule uwanja wa mpira wenye umbo la kofia. Mimi ni tabibu huku, na leo nina neno juu ya sonona (wengine mwaiita unyogovu) isiyo na sura ya sonona.

Alikuja kijana mmoja, mlinzi, mtu wa pwani ya Kenya. Msimamizi wake keshamwita mvivu na mkataba uko hatarini. Analala saa 12 na anaamka amechoka. Anakula mpaka sare imembana. Faili lilisema: "Hana huzuni, anacheka." Kweli alicheka, hasa akimtaja mwanawe. "Lakini daktari, simu ikikatika tu miguu hainitii, kama nimefungwa mawe."

Basi jamani, kule kucheka ni sehemu ya dalili. Kwa DSM-IV ya 1994, na DSM-5 ya 2013 vilevile, mgonjwa wa sonona ya aina hii moyo wake huchangamka likitokea la heri, halafu awe na angalau mambo 2 kati ya 4: kula au kunenepa kuliko kawaida, usingizi kupita kiasi, viungo vizito kama risasi, na tabia ya siku nyingi ya kuumizwa mno na kukataliwa. Wameiita "isiyo ya kawaida", lakini si kwamba ni nadra. Ni kwamba haifanani na ile ya kukosa usingizi na kukataa chakula tuliyofundishwa kwanza.

Penye mtego ni karatasi. Dodoso la PHQ-9 linauliza kukosa usingizi na kulala mno katika swali moja, namba 3; kukosa hamu na kula mno vimo namba 5. Mgonjwa anapata alama zake, jumla inaandikwa, na hakuna atakayejua alikuwa upande gani. Kwa hiyo mimi huandika pembeni: analala saa ngapi, kaongeza kilo ngapi. Kwa mlinzi wa usiku namwuliza usingizi wa siku za mapumziko, maana zamu peke yake yaweza kumchosha mtu. Napima damu na tezi ya shingo. Na siachi kuuliza kama aliwahi kupata siku za kuchangamka kupindukia, halali wala hachoki. Akiwa nazo, dawa ya sonona peke yake yaweza kumpandisha wazimu.

Yule kijana hakuwa nazo. Nikaandika maneno yake kwa Kiswahili kama alivyoyatamka, tafsiri chini yake, ili daktari atakayefuata asisome tena "anacheka" na kufunga faili. Kwa ridhaa yake nikampa na barua ya kazini: huyu ni mgonjwa, anatibiwa.

Sasa nisaidieni wenzangu wa lugha. Ule uzito wa viungo tuuiteje? Nikisema "uzito wa risasi", mgonjwa ananiuliza kapigwa na nani.