Fahamu: Brazili inavyolisha shule kwa mazao ya wakulima wadogo

Kuanzia 2009, sheria ya Brazili ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya kilimo cha familia. Kuanzia 2026 kiwango ni asilimia 45.

Uhondo uko kwenye manunuzi. Manispaa inaruhusiwa kuacha zabuni ya kawaida, ambako kampuni kubwa zingemfunika mkulima mdogo, na kutangaza mwito wenye bei iliyokwisha kupangwa kwa kuangalia soko. Wakulima wa karibu hutangulizwa, pamoja na jamii za wenyeji asilia na familia zilizogawiwa ardhi. Mazao ya kilimo hai yaweza kulipwa hadi asilimia 30 zaidi.

Kazi ni usafiri: mchicha hausubiri, na si kila ushirika una gari.