Kagera Sugar wakija Ngara na Biharamulo, watambeba nani kwanza?

KAMA soka la Bongo lingefuata utaratibu wa Wamarekani, baada ya msimu wa 2024/25 Kagera Sugar wangekuwa karibu kabisa na mbele ya foleni. Kule kwenye ligi yao ya NFL, timu iliyoboronga msimu uliopita ndiyo hupewa nafasi ya mwanzo kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Wanaita drafti. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, magazeti yao hujaa utabiri: timu fulani itaanza na beki, ile itachukua mrusha mpira, nyingine itauza zamu yake.

Wanankurukumbi walishuka daraja msimu wa 2024/25, wakiongozana na KenGold, baada ya takriban miongo miwili Ligi Kuu. Kwa hesabu za drafti, wangekuwa miongoni mwa wa kwanza kuchagua. Kwa hesabu za hapa nyumbani ni kinyume. Simba, Yanga na Azam wanachota kwanza, timu za katikati zinafuata, na aliyeshuka anasubiri kuona nani kabaki na nani kaachwa. Tena yeye mwenyewe ndiye anayechotwa. Awesu Awesu alitoka Kagera Sugar kwenda Azam mwaka 2020, Yusuf Mhilu akatoka hapo hapo kwenda Simba mwaka uliofuata. Hizo zilikuwa enzi timu iko juu. Timu ikishuka, mwenye jina huwa hakai.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa Kagera Sugar Championship utabebwa na vijana, wapende wasipende. Mkoa una halmashauri nane, na Bukoba, Muleba na Missenyi zinajulikana kwa maskauti kwa sababu ziko jirani na Kaitaba na kiwanda. Zilizo mbali ni Ngara na Biharamulo. Ukijaribu kutabiri Kagera Sugar itachukua nani huko, utagundua utabiri si mgumu. Ugumu ni kwamba anayechaguliwa kwanza huenda si anayejua mpira kuliko wenzake.

Chukua safari yenyewe. Dogo wa Rulenge au Murusagamba anayetaka kuonekana Kaitaba anatakiwa atoke kwao hadi Ngara mjini, ashuke Benaco, aingie barabara ya Rusumo hadi Lusahunga, barabara ya kilomita 92 inayojaa malori ya Kigali na Bujumbura, kisha apinde kwenda Biharamulo, Muleba, ndipo Bukoba. Ukiondoka alfajiri na gari lisiharibike, unafika umechoka, miguu imevimba, halafu unaambiwa majaribio ni kesho saa moja asubuhi. Ajabu ni kwamba Mto Kagera unaanzia huko huko kwa kina dogo, pale Ruvubu na Nyabarongo zinapokutana jirani na maporomoko ya Rusumo, unafuata mpaka wa Rwanda na Tanzania na kwenda kupita kwenye mashamba ya miwa Missenyi. Maji ya Ngara yanafika kiwandani kila siku. Washambuliaji wa Ngara hawafiki.

Ndiyo maana mlango wa uhakika ni UMISSETA. Shule inacheza na shule, kata inaunganishwa, wilaya inatoa kikosi, vikosi vinakutana mkoani, mkoa unapeleka timu kwenye mashindano ya taifa ya shule. Mwenye bahati anaonekana hatua ya mkoa, ambako watu wa klabu nao hupita. Kinachosahaulika ni kwamba kikosi cha wilaya hakichaguliwi na kocha wa Kagera Sugar. Kinachaguliwa na walimu wa michezo, ndani ya siku chache, kwa bajeti ya halmashauri, na walimu wanataka kushinda mashindano ya mwaka huu. Ukiwa na siku tatu za kuchagua vijana 20, unachukua wale wanaoonekana kwa macho: mrefu, mwenye kifua, anayekimbia.

Hapo utabiri unaanza kujiandika wenyewe.

Wa kwanza kubebwa atakuwa beki wa kati. Futi sita au karibu yake, kidato cha nne au cha sita, anapiga kichwa mpaka mwamuzi anainama. Championship ni ligi ya mipira mirefu, viwanja vingine vina vipara na kona zake zina mashimo, na kocha anayetaka kurudi Ligi Kuu haraka hatapenda kuhangaika na beki mfupi anayetaka kupiga pasi nyuma. Huyu beki wa Ngara au Biharamulo kakulia kwenye viwanja vya aina hiyo hiyo, kwa hiyo atazoea mapema. Si uchaguzi mbaya. Ni uchaguzi salama.

Wa pili ni kipa, kwa sababu ile ile ya urefu. Wa tatu, kama kuna wa tatu, ni winga wa mbio. Biharamulo hawajawahi kukosa hao. Nenda Jumapili jioni Nyakanazi au Nyakahura kwenye zile mechi za kugombea mbuzi, utaona dogo anapokea mpira nusu ya kwao na kuumalizia kwenye kibendera cha kona, krosi haipo lakini mbio zipo. Mwaka wa uchaguzi ndio usiseme. Makombe ya wagombea hujaa, jezi mpya kila wiki, na timu za vijiji zinakodi mapeleka ya kijiji cha jirani kama klabu kubwa.

Ambaye hatachaguliwa ni namba nane. Yule mdogo wa mwili, pengine kilo 55, anayecheza kwa kugusa mara mbili, anayejua kabla ya kupokea mpira kwamba atautoa upande gani. Kila kijiji kina mmoja. Ukimuuliza mwalimu yeyote wa michezo, anamjua. Lakini kwenye kikosi cha wilaya anakaa benchi, kwa sababu timu ya wilaya nyingine ina viungo wawili wenye miili ya makuli wa bandarini na mwalimu anaogopa. Asipocheza mkoani, haonekani. Asipoonekana kufikia kidato cha nne, mtihani unaisha Novemba, na baada ya hapo anakuwa dereva wa bodaboda Kabanga au anaingia machimbo ya dhahabu huko Biharamulo, anacheza mpira siku za Jumapili mpaka goti limalize stori.

Kosa la kuchagua kwa urefu halijaanzia Kagera. Mtanzania pekee ambaye watu wanamkumbuka kwenye drafti kubwa ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa amechelewa, akapitia Makongo Sekondari, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua namba mbili, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Urefu wake ulikuwa zaidi ya futi saba, na hakuna kocha anayeweza kufundisha urefu, kwa hiyo Memphis hawakuonekana wajinga siku ile. Aliyefuata namba tatu aliitwa James Harden. Namba saba, aliyekuwa akisemwa ni mwembamba mno kwa ligi ile, aliitwa Stephen Curry. Thabeet alihangaika kwenye timu nne na hakufikia walichokitegemea, wakati Curry amebadilisha jinsi kikapu kinavyochezwa dunia nzima. Timu zenye kompyuta, madaktari na video za kila mechi ya chuo zilikosea. Sembuse mtu aliyekaa kwenye kivuli cha mwembe kutazama mechi mbili za UMISSETA.

Kuna jambo jingine linalopanga orodha kabla mpira haujagusa mguu, na Ngara wanalijua kuliko wilaya nyingi: makaratasi. Hii ni wilaya inayopakana na nchi mbili. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi, Benaco ikageuka mji wa mahema. Wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini macho ya ofisi hayajawahi kurudi yalivyokuwa. Mpaka leo, kijana mwenye jina la Kihangaza lililofanana na la ng'ambo ataulizwa maswali ambayo mwenzake wa Muleba haulizwi. Cheti cha kuzaliwa kiko wapi, babu alizaliwa kijiji gani, baba ana kitambulisho cha NIDA au hana. Usajili wa wachezaji siku hizi unaingizwa kwenye mfumo wa mtandao, na mfumo haujui huruma. Klabu ikiwa na vijana wawili wa kiwango kimoja, mmoja ana cheti na mwingine anaambiwa baba anafuatilia, kila mtu anajua nani anapanda gari la kwenda Bukoba.

Wakati huo huo, ng'ambo wako karibu. Kirehe, wilaya ya Rwanda iliyo upande wa pili wa Rusumo, ina Kirehe FC iliyowahi kucheza Ligi Kuu ya Rwanda. Upande wa Kabanga, ukivuka Kobero, unaelekea Muyinga nchini Burundi. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, lakini zina mlango mdogo ambao viongozi wengi wa soka la wilaya hawauongelei: kama kijana anaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani na klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wake, umbali wa nyumbani na klabu usizidi kilomita 100, anaendelea kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakakubali, anaruhusiwa. Sehemu kubwa ya vijiji vya Ngara vimo ndani ya mstari huo.  Yaani kikanuni, namba nane wa Kabanga anaweza kwenda mazoezini Muyinga na kurudi kula ugali kwa mama yake, wakati kwenda Kaitaba lazima ahame wilaya. Kagera Sugar wasipoamka, drafti ya Ngara itafanywa na majirani.

Na pesa? Hapa ndipo wilaya hizi zinapojifunga bao zenyewe. FIFA inatenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuseme dogo aliyelelewa na timu moja ya Rulenge kuanzia miaka 12 hadi 17 anauzwa siku moja nje ya nchi kwa dola 200,000. Asilimia tano ni dola 10,000. Miaka minne ya mwanzo inahesabiwa kwa asilimia tano ya fungu hilo kila mmoja, miwili inayofuata kwa asilimia kumi. Rulenge wanastahili dola 4,000, karibu Sh10 milioni. Kwa timu inayochangishana Sh1,000 kununua mpira, hizo ni jezi, nyavu na nauli za misimu kadhaa. Ila timu ambayo haikumsajili kijana rasmi kwenye shirikisho haidai kitu, na shule si klabu. Timu nyingi za huko zinamsajili mchezaji siku ya mashindano ya daraja la nne, kwenye karatasi, miaka mingine hazimsajili kabisa. Kijana anakwenda, anapigiwa makofi stendi, historia yake inaanzia Bukoba.

Wazazi nao wakumbuke: mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Akija mtu na karatasi ya miaka mitano na simu mpya mkononi, mpeni chai, msisaini.

Kagera Sugar wana mfano wa karibu wa kuufuata. Mtibwa Sugar, ndugu zao wa miwa kutoka Manungu na mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walishuka 2024 na msimu uliofuata wakarudi juu. Ni klabu ambayo kwa miaka imejulikana kwa kukaa na vijana wake na kuwapandisha. Kurudi kwa msimu mmoja kunawezekana, lakini si kwa kuokota wakongwe walioachwa Dar es Salaam kila Agosti.

Utabiri basi, kwa wanaopenda namba: kama klabu itachukua vijana watatu kutoka wilaya hizi mbili, ni beki wa kati mmoja, kipa mmoja na winga mmoja, wawili kati yao wakitoka Biharamulo kwa sababu iko karibu na barabara ya Bukoba. Ngara watapata mmoja, mrefu, mwenye cheti.

Wakitaka kuharibu utabiri huu, njia ipo na haina gharama kubwa. Wasiwasubiri Bukoba. Wampeleke kocha wa vijana Benaco na Nyakanazi siku nne, awaite hata walioachwa na vikosi vya wilaya, awachezeshe saba kwa saba kwenye eneo dogo ambako urefu hausaidii. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba. Dirisha dogo linafuata. Katikati hapo namba nane anakuwa nyumbani, hana ratiba, hajanunua bodaboda bado.