Imbwa inasema mbele ya kuuma

Mwezi jana, hapa Goma, mtoto wa mwenzetu mchimbaji aliumwa na imbwa ku mlango wa depo ya madini. Baba yake alituambia: « Lakini ilikuwa inatikisa mkia! » Wote tulinyamaza. Nani kati yetu hakufundishwa kwamba imbwa yenye kutikisa mkia inafurahi?

Wandugu, si kweli kila mara. Mkia wa furaha uko laini, unakwenda huku na huku pamoja na kiuno chote. Mkia uliosimama juu, mgumu kama fimbo, wenye kutikisika kidogo kidogo haraka haraka, ni onyo. Ule ulioingia katikati ya miguu ni wa uoga, na imbwa yenye uoga ikikosa njia ya kukimbia inauma pia.

Sisi wachimbaji tunajua mambo ya onyo. Mbele shimo lianguke, udongo unamwagika kidogo, miti inalia, ufa unafunguka. Mwenye macho anatoka. Kwa imbwa ni vile vile. Mara nyingi inaanza pole pole: inageuza kichwa, inajilamba midomo na hakuna chakula, inapiga miayo na haina usingizi. Kisha masikio yanarudi nyuma, weupe wa jicho unaonekana, nywele za mgongo zinasimama, mwili unakauka. Halafu inanguruma. Usiipige juu ya kunguruma: ukiizoesha kunyamaza, kesho itauma bila kukuambia.

Kule Rumangabo, ku barabara ya Rutshuru, walinzi wa Virunga wametumika na imbwa za kunusa, zenye kufuata nyayo za wawindaji haramu. Mwenye kushika kamba anaangalia kichwa, mkia na mwendo, ndipo anajua kama harufu ingali iko ao imepotea. Ile ni kazi ya macho tu, na sisi pia tunayo macho.

Basi, ukikutana na imbwa imekauka mbele yako saa ya kwenda ku kazi, usikimbie. Simama, shusha mikono, usiikazie macho, rudi nyuma pole pole. Ikikuangusha, jikunje, funika shingo na masikio. Na batoto tuwaambie: imbwa yenye kula, yenye kulala, yenye kunyonyesha ao yenye kufungwa, tuiache.

Lakini imbwa yenye kichaa inaweza kuuma bila onyo lolote. Kichaa kinapita mu mate, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo hata kidonda kikiwa kidogo, muoshe na maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, halafu mwende siku ile ile ku hospitali kuuliza chanjo. Musingojee baba arudi kutoka ku mgodi. Musiweke majani wala majivu.

Yule mtoto, mama yake alimuosha na sabuni mara moja, akamkimbiza kwa munganga. Chanjo zote alimaliza, leo anacheza. Mama hakungojea mtu. Jioni hii, mbele ya kulala, tuzungumze na batoto wetu habari ya mkia.