Mtoto amepata chuo Marekani? Kozi haichaguliwi sebuleni

Barua ya chuo ikifika, ukoo mzima hugeuka bodi ya ushauri. Baba anataka daktari. Shangazi anasema sheria. Mjomba amesikia kompyuta ndiyo inayolipa siku hizi. Anayesafiri mwenyewe amekaa pembeni na simu yake.

Shida ni kwamba wengi tunashauri kwa utaratibu wa vyuo vya hapa nyumbani, na kule utaratibu ni mwingine.

Chukua udaktari. Hapa kwetu kijana akimaliza kidato cha sita na alama nzuri anaingia Muhimbili moja kwa moja, na baada ya miaka mitano ana shahada yake ya udaktari. Marekani, kwa kawaida, anasoma kwanza shahada ya miaka minne, iwe ya baiolojia au hata historia, mradi apitie masomo ya sayansi yanayotakiwa. Ndipo aombe chuo cha udaktari, miaka minne mingine. Na vyuo vingi vya udaktari kule havipokei kabisa waombaji wa kigeni. Mikopo ya serikali yao nayo si ya mgeni. Sheria pia husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo jirani akikuambia mwanawe yuko mwaka wa kwanza Ohio "anasomea udaktari", mpongeze tu, lakini usianze kumlinganisha na wako.

Fani kuu anayobobea mwanafunzi Wamarekani huiita meja (haihusiani na jeshi). Vyuo vingi havimlazimishi kuichagua siku ya kwanza. Huonja masomo, akaamua kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Uhandisi na uuguzi mara nyingi havisubiri hivyo. Masomo yake hupangwa kama ngazi tangu muhula wa kwanza, na anayeingia kwa kuchelewa huongeza muda, yaani ada.

Sasa viza. Mwanafunzi mwenye F-1 akihitimu anaweza kuomba kibali kiitwacho OPT, afanye kazi miezi 12, na kazi hiyo lazima ihusiane na alichosomea. Waliosoma fani zilizo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Kwa familia iliyouza kiwanja ili mtoto aondoke, tofauti hiyo si ndogo.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kinachoangaliwa ni namba ya fani iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, wala si jina mnalolitamka nyumbani. Uchumi ni mfano mzuri. Chuo kimoja huusajili kama uchumi wa kawaida, na haumo kwenye orodha. Kingine huusajili kama uchumi wa hesabu na takwimu, nao umo. Vijana wawili, shahada inayoitwa uchumi, mmoja ana mwaka mmoja wa kazi na mwingine mitatu. Muulize mwanao namba hiyo kabla hamjalipa chochote, kisha muiulizie chuoni, kwa sababu kanuni hizi hubadilika.

Hata hivyo, miezi 24 isiwe sababu ya kumsukumia kompyuta mtoto asiyeipenda hesabu. Mwenye viza hii anatakiwa kusoma muda wote, kwa shahada ya kwanza angalau krediti 12 kwa muhula. Akilemewa na somo akaliacha kimyakimya, akashuka chini ya hapo bila ruhusa, uhalali wake wa kukaa nchini unaingia hatarini. Na mtoto aliyechaguliwa kozi na baba ndiye huyo huyo atakayeogopa kupiga simu nyumbani kusema kwamba amefeli.

Kubadili fani si kosa, na hakumrudishi mtu nyumbani. Anakwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, fomu yake inarekebishwa, na kama mabadiliko hayo yanamlazimu kuongeza muda, aombe nyongeza kabla tarehe iliyo kwenye I-20 haijapita. Mwambieni hivyo kabla hajapanda ndege, baba akiwa amekaa hapo hapo anasikia.